Jina Lako Halikutoka: Maneno kwa Kijana Aliyekosa Shule Aliyoitaka

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Fort Ternan, Ramadhan 1447, mwaka 2026)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wangu, ndugu zangu vijana, nimeombwa nizungumze juu ya masomo. Najua wengi mnatarajia yale ya kila mwaka: someni kwa bidii, acheni simu, heshimuni walimu. Hayo mnayajua na mmeyasikia hadi mmechoka. Mimi leo nataka kuzungumza na mtu mmoja tu, yule ambaye mwezi wa Desemba 2025 aliangalia jina lake akakuta shule si ile aliyoitaka. Najua yuko kwenye mkusanyiko huu, tena si mmoja. Na anayesoma maneno haya nyumbani huenda yuko pia. Kwa hivyo nitasema "wewe", na wewe unajijua.

Kwanza tuelewe hii kitu inavyofanya kazi, maana mtu akiumwa ni vizuri ajue ameumwa na nini. Nyinyi mliomaliza Gredi ya 9 mwaka 2025 ndio wa kwanza kabisa kuingia sekondari kwa mtaala huu mpya. Sisi wakubwa wenu tulifanya KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023. Nyinyi mlikuwa zaidi ya milioni 1.1 nchi nzima. Masomo tisa, kila somo pointi 8, jumla 72. Alama zenyewe hazikutoka kwenye mtihani wa mwisho peke yake: asilimia 60 ndiyo KJSEA, asilimia 20 ilitoka kwenye kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 ilitoka kwenye ule mtihani wa Gredi ya 6 uliofanya ukiwa bado mtoto mdogo. Kisha ukachagua shule 12. Kompyuta ikachukua alama zako, mkondo wako na chaguo zako, ikatafuta penye nafasi.

Neno lenyewe hasa ni hilo, nafasi. Sijasema akili, wala thamani. Nafasi kwa shule ya bweni maana yake ni kitanda.

Mimi nasomea takwimu, kwa hivyo mnivumilie nipige hesabu kidogo. Shule zilizokuwa zikiitwa za kitaifa zilikuwa 18 tu mpaka mwaka 2011, ndipo serikali ikaanza kupandisha nyingine, na leo zimepita 100. Tuseme kwa mfano tu kwamba kila moja ina vitanda 500 vya Gredi ya 10. Hivyo ni vitanda kama 50,000. Gawanya kwa watoto milioni 1.1. Ni watoto chini ya watano katika kila mia. Hata kama watoto wote wa Kenya wangepata 72 kwa 72, bado watoto 95 katika mia wangeambiwa hapana. Sasa niambie, hao 95 wote wamefeli?

Na wakati mwingine hata alama zenyewe si hoja. Wazazi mtakumbuka mwanzoni mwa 2011, matokeo ya KCPE ya 2010. Serikali iliamua nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kulingana na idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi. Watoto wa shule za binafsi waliopita alama 400 kwa 500 wakajikuta nje, na wenye alama chini yao wakaingia. Kelele zilikuwa nyingi mwaka ule, hata kesi zikaenda mahakamani. Mimi sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Watoto wa shule za umma nao walikuwa wamenyimwa miaka mingi kwa sababu ya umaskini wa shule zao. Ninachosema ni kwamba mtoto yule wa alama 410 hakupungukiwa na kitu usiku ule. Sheria ya kugawa vitanda ndiyo iliyobadilika.

Lakini sitaki nikudanganye. Kuna watu, wanakupenda, watakuja wakuambie: ah, shule ni shule, hiyo uliyoitaka haina lolote. Huo si ukweli na wewe unajua. Shule ile ina maabara tatu, na hii uliyopangiwa pengine ina chumba kimoja chenye meza mbili na birika. Ile ina mwalimu wa fizikia ambaye kazi yake ni fizikia tu. Ina wenzako mia wanaoshindana nawe kila siku, na ushindani ule unamnoa mtu kama kisu. Ina majina ya watu wakubwa waliopita pale, na majina hayo hufungua milango. Ukikosa hivyo umekosa kitu cha kweli, na una haki ya kuhuzunika.

Wako wanaodhani huzuni ni upungufu wa imani. Mtoto akilia anaambiwa, "Nyamaza, ni qadar ya Mwenyezi Mungu," basi mazungumzo yamekwisha. Qadar ni nguzo ya imani yetu na mimi siichezei. Lakini tunaitumia kama kizibo. Hebu tusome tena Surat Yusuf. Nabii Yaqub (A.S.) alikuwa nabii, na alikuwa na subira nzuri, Qur'ani yenyewe inashuhudia. Na bado alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu, na yeye akasema shida yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hakuambiwa huzuni yake ni ukafiri. Kwa hivyo wewe ukilia wiki moja kwa ajili ya shule, lia. Kisha umshitakie huyo huyo aliyeshitakiwa na Yaqub, kwa lugha yoyote unayoijua, Kiswahili, Kipsigis, Kinubi, Kijaluo, Kisomali. Mwezi wenyewe ndio huu, na dua ya aliyefunga wakati wa kufuturu tumefundishwa hairudishwi.

Mimi nilifanya KCPE mwaka 2017. Nikapata 387. Kwa hapa kwetu hizo zilikuwa alama za kutangazwa msikitini. Basi nyumbani walinunua sanduku kabla ya majina kutoka. Lile sanduku la bati mnalolijua, la buluu, na kaka yangu akaandika jina langu kwa rangi nyeupe, na chini yake akaandika jina la shule. Fikiria! Jina la shule ambayo haijaniita. Majina yalipotoka nikapangiwa shule ya kutwa, ya mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Baba akafunga safari mpaka kwenye shule ile tuliyoitaka (sitaitaja), akasimama getini siku mbili. Siku ya kwanza akaambiwa mwalimu mkuu ana mkutano. Siku ya pili akaambiwa nafasi zimejaa, na akiwa pale pale akaona gari likiingia na mtoto na godoro.

Alirudi usiku. Hakusema neno. Mama akaweka chakula. Lile sanduku likasukumwa chini ya kitanda, na mpaka leo ndimo mnamowekwa unga na sukari. Ukija kwetu ukiomba chai, sukari inatoka kwenye sanduku lenye jina la shule niliyoikosa.

Nieleze kilichoniuma hasa, maana wazazi wako hapa. Barua kutokuja iliniuma siku chache. Kilichoniuma muda mrefu ni kimya. Pale nyumbani hakuna aliyenigombeza, na hakuna aliyezungumza. Wageni wakija mama ananituma dukani. Mjomba akipiga simu baba anatoka nje kuongea. Mtoto wa miaka kumi na minne anajua kusoma vitu kama hivyo. Nilisoma kwamba mimi ni aibu. Miaka mingi baadaye ndipo baba aliniambia kwamba alikuwa anaogopa kuniangalia kwa sababu yeye ndiye aliyejiona ameshindwa, kwamba hakuwa na mtu wa kumjua wala pesa ya kumpa mtu. Kumbe tulikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja akidhani yeye ndiye mkosa.

Kwa hivyo mzee wangu, mama yangu, sema na mtoto. Hata maneno mawili. Mwambie, "Na mimi nimeumia, lakini si kwa sababu yako." Maneno haya hayana karo.

Na hapa niingize jambo la Ramadhan. Tunaalikana futari, alhamdulillah, ni sunna nzuri. Tende zikishaliwa, kabla hata uji haujapoa, mtu anageuka: "Na huyu wako amepata wapi?" Anauliza mbele ya mtoto, na mara nyingi jibu analijua. Anataka kusikia likitamkwa. Kisha anaanza kueleza wa kwake alivyoitwa Kabianga, au binti wa shemeji yake alivyoitwa Kipsigis Girls. Ndugu yangu, umefunga chakula tangu alfajiri ukaja kufungua kwa nyama ya mtoto wa jirani. Kama mtoto wako amepata, mshukuru Mwenyezi Mungu, na ukiwa na uwezo mnunulie mwenzake daftari. Hilo swali liache mlangoni pamoja na viatu.

Na wewe kijana, likizo zikija wale wenzako watarudi na sare zao mpya na misamiati yao mipya. Wengine watajisikia, umri ni huo. Utahisi moyo unachomwa. Ukichomwa si dhambi. Dhambi ni kutamani wapoteze walichopewa. Ukiona moto unazidi, kamwombe mmoja wao akuazime maelezo yake ya hisabati. Mimi nilifanya hivyo, na yule rafiki yangu, kwa kweli Mwenyezi Mungu amjaze kheri, alikuwa ananinakilia mitihani yao ya mwisho wa muhula kwa mkono. Nusu ya nilichokifuata kule nilikipata kwenye zile karatasi.

Kuna jingine ambalo sikupenda kulisema mbele za watu lakini lazima. Kila mwaka majina yakitoka, hapa sokoni wanajitokeza watu wenye simu mbili. "Mzee, leta kitu kidogo, mimi nina mtu ndani." Baba yangu aliendewa. Na wako wazazi walio safi, wanaoswali jamaa, wanaouza ng'ombe wa maziwa kumpa mtu huyo. Wengi wanaliwa pesa na nafasi hawapati. Huyo ana bahati, amepoteza ng'ombe tu. Anayepata nafasi ndiye nimwonee huruma. Vitanda vinahesabika, tumeshakubaliana. Mtoto wako akilala kwenye kitanda cha kununua, kuna mtoto wa mtu aliyeondolewa hapo, pengine ni yatima wa Londiani ambaye hana wa kumsemea. Na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili. Halafu ni huyo huyo mtoto tunayemwambia asiibe mtihani! Kama una malalamiko ya haki, serikali ilifungua dirisha la kuomba kubadilisha shule mwezi huo huo wa Desemba, bila pesa. Waliokubaliwa wamekubaliwa, waliokataliwa ndio hao tunaozungumza nao sasa.

Sasa nikupe watu wawili wa kukaa nao mwezi huu. Mnawajua kwa majina, lakini madrasa tulisomeshwa ukubwa wao tu, hatukusomeshwa siku waliyorudishwa.

Wa kwanza ni Abdullah bin Umar (R.A.). Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari yake mwenyewe, kwamba siku ya Uhud alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka kumi na minne, akakataliwa. Siku ya Khandaq alikuwa na kumi na mitano, akaruhusiwa. Angalia umri huo, ndio umri wako. Alisimama kwenye mstari na wakubwa, akatolewa. Na aliyemtoa si adui, ni Mtume mwenyewe, anayempenda kuliko nafsi yake. Kukataliwa kule hakukuwa chuki wala hukumu ya imani yake. Mtu huyu baadaye ni katika waliopokea hadithi nyingi kabisa katika umma huu.

Wa pili ni Zayd bin Thabit (R.A.), na huyu ndiye ninayempenda zaidi. Mtume alipohamia Madina Zayd alikuwa na miaka kumi na mmoja, yatima. Naye alitaka kutoka na jeshi katika vita vya mwanzo, akarudishwa kwa udogo wake. Angeweza kukaa nyumbani akanuna. Lakini Zayd alikuwa na kitu kingine mkononi, alikuwa amehifadhi sura kadhaa na alikuwa anajua kuandika. Akashika hicho. Mtume (S.A.W.) akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa katika Tirmidhi kwamba aliyamudu kwa muda wa kama nusu mwezi. Akawa mwandishi wa wahyi. Baada ya vita vya Yamama, mahuffadh wengi walipokufa, Abubakar (R.A.) alimwita kijana huyu huyu akampa kazi ya kukusanya Qur'ani, na Zayd akaona kuhamisha mlima kungekuwa kwepesi zaidi. Wakati wa Uthman (R.A.) akarudishwa tena kwenye kazi hiyo ya kunakili misahafu. Msahafu unaousoma kwenye tarawehe, mkono wa kijana aliyerudishwa mstarini umepita humo.

Najua mfano huu hauendi sambamba kabisa. Wale walirudishwa kwa umri, na umri huja wenyewe. Wewe umerudishwa kwa alama au kwa vitanda. Lakini nataka uone Zayd alifanya nini na muda ule baina ya kukataliwa na kuitwa.

Nitoke kwenye historia nije hapa jirani. Njoro si mbali, ni Nakuru hapo. Kijiji kinaitwa Pwani, na shule inaitwa Keriko, ya mseto, ya kutwa. Hakuna mtoto aliyelala akiiota shule ya Keriko. Wengi wa wanafunzi wake walitoka familia maskini, karibu theluthi moja walikuwa yatima au na mzazi mmoja, na shule ilikuwa na kompyuta moja. Mwalimu wao wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Yeye si Muislamu, ni mtawa wa Kifransisko, na haki husemwa popote ilipo. Vijana wake wakatengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na timu ya shule ile ikafuzu kwenda mashindano ya sayansi ya kimataifa Arizona, Marekani, mwaka 2019. Machi mwaka huo huo Tabichi alipewa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili kwenye shule yangu ya kutwa. Mwalimu wetu wa kemia alikuja na gazeti akalibandika ukutani, hakusema kitu, akaanza kufundisha. Tulilisoma mpaka likachanika.

Lakini usinielewe vibaya. Keriko haikufika pale kwa sababu shule mbovu ni baraka. Ilifika kwa sababu palikuwa na mtu mzima aliyeamua kukaa nao jioni. Hilo ndilo la kuuliza kuhusu shule uliyo nayo sasa: nani hapa yuko tayari kukaa nami baada ya kengele? Kila shule ina mmoja. Mtafute wiki hii, usingoje muhula wa pili. Mwalimu akijua una kiu atakutafutia maji.

Na tukitaka mfano wa nyumbani kabisa, angalieni kilima hiki chetu. Watu walilima hapa miaka na miaka. Mkulima mmoja, Fred Wicker, akaona mifupa ya ajabu kwenye shamba lake, akampelekea habari Dakta Louis Leakey, na mwaka 1961 jina la Fort Ternan likaingia kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima, kwa mabaki ya mnyama wa miaka kama milioni 14 iliyopita. Mjadala wa asili ya mwanadamu siuingii leo, futari itatukuta hapa. Nataka tu ujue kwamba jina la hapa linajulikana London kuliko linavyojulikana Nairobi, kwa sababu mtu alitazama chini kwenye shamba alilokuwa nalo.

Sasa kazi yenyewe. Shule ya bweni inampa mtoto vitu vinne ambavyo nyumbani havipo: saa za kusoma, taa, wenzake, na kutotumwa. Tatu tunaweza kuzitengeneza. Taa ya sola ni bei ya mbuzi mdogo, pengine chini. Saa zipo, tena mwezi huu zimeongezeka: umeamka daku, umeswali alfajiri, usirudi kulala, hiyo saa moja kichwa ni chepesi kuliko saa yoyote. Mimi algebra yote niliielewa katika Ramadhan ya kidato cha tatu, sijui kwa nini. Wenzako, tafuta watatu. Wawili hupiga soga, watano huwa harusi.

La nne, kutotumwa, hilo ni la wazazi, na ni la mabinti hasa. Kijana wa kiume akirudi saa kumi na moja jioni anaenda uwanjani. Dada yake anarudi saa hiyo hiyo anakuta maji, kuni, sambusa za futari, mtoto wa kubeba. Saa tatu usiku ndipo anafungua daftari, na macho yanafunga. Halafu tunasema wasichana wa shule za kutwa hawafanyi vizuri. Mama, mgawie kaka yake nusu ya zile kazi. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia wake zake kazi za nyumbani, na Bi Aisha (R.A.) ndiye aliyetueleza. Na baba, kama njia ya shule inapita porini au kwenye mashamba ya miwa, panga wasichana waende pamoja na mtu mzima awatoe mpaka barabarani, hasa muhula wa mvua giza linapowahi.

Na kuna faida ambazo hatuzihesabu. Karo rasmi ya shule ya kitaifa ya bweni mwaka 2018 ilikuwa shilingi 53,554. Kwetu pesa hiyo ilibaki, na dada yangu mdogo akasoma kwayo. Saumu zangu zote nne za sekondari nilikula daku kwa mkono wa mama. Rafiki yangu aliye kule alikuwa akila daku mkate mkavu aliouficha jioni, kwa sababu jikoni hakukuwa na mpango wa wanaofunga. Hifdh yangu haikukatika, Jumamosi niko madrasa. Sisemi hivi ili kuifanya shule ya kutwa iwe pepo. Kuna siku nilifika nimelowa mpaka kwenye vitabu, na tulifanya jaribio la kemia kwa kumwangalia mwalimu tu. Machi 2022 tulifanya KCSE, nikapata alama za kuingia chuo kikuu, na kule nikakaa dawati moja na watoto wa zile shule kubwa. Mwaka wa kwanza walinizidi katika maabara, waziwazi. Ilinichukua muhula mzima kuzoea vyombo.

Jambo la mwisho ni zito, na wazazi nisikilizeni. Kila mwaka tulikuwa tukisikia habari za mtoto mahali fulani aliyejidhuru baada ya matokeo. Kama mtoto wako haongei, hali hata wakati wa futari, halali, ametoa vitu vyake kuwapa wenzake, au anasema maneno kama "mtapumzika nami", usimwambie ana jini na usimpige. Kaa naye. Usimwache peke yake. Mpeleke kwa daktari na kwa mtu anayemwamini. Na wewe kijana, kama ndiyo uko hapo na nyumbani huwezi kusema, ipo namba ya kusaidia watoto nchini Kenya, 116, haina malipo, unapiga tu. Ukishindwa na hiyo nitafute mimi baada ya swala, nitakuwa kwenye nguzo ya nyuma upande wa kushoto. Dada zetu wamfuate ukhti anayesomesha darasa la wanawake, nimeshazungumza naye.

Sisi tulio vyuoni tuliotoka hapa Fort Ternan, Koru na Kipkelion tumekubaliana jambo. Kuanzia Jumamosi ya kwanza baada ya Idi tutafundisha hisabati na sayansi kwenye chumba cha madrasa, baada ya adhuhuri mpaka alasiri, bure. Tuko wanne, na wawili ni wasichana. Tunahitaji ubao, chaki, na mtu wa kutuachia ufunguo. Vitabu vya Gredi ya 10 tunavyo viwili tu, kwa hivyo mwenye nakala aje nayo, tutasoma wanne wanne. Wasio Waislamu wa shule hizo hizo wanakaribishwa pia. Wazee wa kamati wamekubali. Njoo na kalamu na lile swali ulilolishindwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.